Nilikwenda Kuomba Jino

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua nilipokwama. Ninyi wageni sogeeni karibu niwaambie upesi. Naitwa Kutaiba, mtu wa Karak, daktari wa meno niliyesomea Rumania nikarudi Jordan na shahada nzuri ambayo hapa kwetu hainipi ruhusa hata ya kumsugua mtu meno. Kati yangu na leseni umebaki mtihani mmoja tu, wa vitendo, Amman, siku ya Jumamosi. Nimeshaufeli mara mbili. Nikifeli tena, narudishwa kwenye mwaka mzima wa mafunzo kama kijana aliyemaliza shule jana.

Na mtihani wenyewe una roho mbaya. Mgonjwa unamleta wewe. Tena si mgonjwa yeyote: wanataka gego lililooza ubavuni, pale linapobanana na jirani yake, jirani awe mzima, uozo usiwe umefika kwenye mshipa, na jino lisiwe limewahi kuguswa na daktari.

Wanasema penye miti hapana wajenzi. Mimi mjenzi nipo, na miti imejaa vinywani mwa watu wa Karak wanaokunywa chai ambayo nusu ya glasi ni sukari. Lakini kila ninayemfunua mdomo, ama jino limeshakufa, ama limeshazibwa, ama mwenyewe akisikia neno sindano anakumbuka ana safari.

Mliniacha mlangoni kwa Abu Laith, muuza matairi, ambaye gego lake nilikuwa nimelilea kama yai. Alinipokea kwa tabasamu, na ndani ya tabasamu hilo, mahali pa gego, palikuwa na pengo.

"Liliniuma jana, Daktari, nikaling'oa," akasema. "Kwani wewe si ungelitoboa tu?"

Nilitaka kumpiga na tairi.

Basi Jumatatu nilikuwa kwa Daktari Suheil, mzee anayenipa hifadhi kwenye kliniki yake. Kazi yangu pale ni kushika mrija wa kunyonya mate. Miaka yote ya kusoma, na cheo changu ni mshika mrija. Nilikuwa nimenuna hivyo hivyo nikasikia akiniita.

"Kutaiba! Njoo uone kitu."

Kwenye kiti alikuwa amelala mwalimu wa hesabu wa kijiji cha Um Rujum, jina lake Rihab. Nikainama, nikatia kioo mdomoni mwake. Moyo ukaniruka. Gego la chini, upande wa kushoto, ubavuni kabisa, jirani mzima kama lulu.

"Mbona unanitazama hivyo?" akauliza nilipotoa kioo.

"Una jino zuri sana."

"Lipi?"

"Hilo bovu."

Akacheka, mkono mdomoni. "Wenzangu wanasifiwa macho. Mimi nasifiwa uozo."

Nikamweleza yote, maneno yakikanyagana. Asilizibe. Aje nami Amman Jumamosi, nitamtibu mbele ya watahini, bure, na nitamwombea dua maisha yangu yote. Rihab alinisikiliza akiwa ameinua nyusi, kama anamsikiliza mwanafunzi aliyesahau kazi ya nyumbani.

"Kwa hiyo niende Amman na mwanamume, nikalale nimepanua mdomo mbele ya watu nisiowajua. Halafu nirudi nimwambie baba nini?"

"Nitakuja kumwomba mwenyewe."

"Basi njoo. Ila uje na watu wako. Baba yangu hazungumzi na mtu aliyetumwa na shida zake peke yake."

Nilirudi nyumbani naimba. Mama aliposikia, aliacha kukoroga mchuzi wa mtindi na kunitazama kwa huruma.

"Nyumba yenye binti huendi peke yako kama msoma mita ya umeme. Mchukue ami yako."

Ami yangu Abu Rakan ni kaka wa marehemu baba yangu, na raha yake duniani ni kuongoza ujumbe. Posa, ugomvi wa mipaka, mtu kagongwa na gari, yeye ndiye msemaji. Mwenye shida haogopi kuomba, nikaenda kwake. Na ili pasitokee kosa, Jumanne tulipokuwa garini nilimkumbusha mara nyingine.

"Ami, tunakwenda kuomba jino. Jino tu. Kwa ajili ya mtihani."

"Jino, jino, nimesikia! Mimi nimewahi kuwaomba watu wasamehe damu ya mtoto wao, wakasamehe. Nitashindwa na jino?"

Nikageuka nyuma. Magari mengine yalikuwa yanatufuata, yamejaa wazee waliovaa majoho.

"Ami, hao ni akina nani?"

"Watu wa heshima."

"Kwa jino moja?"

"Kijana, ukienda na watu wachache wanadhani unataka kitu kidogo."

Sikulipenda jibu hilo. Lakini tulikuwa tumeshafika.

Abu Hazza, baba yake Rihab, ni mwanajeshi mstaafu, amenyooka mgongo. Alitupokea mlangoni pamoja na ukoo wake, nao walikuwa wengi kuliko sisi. Rihab alikuwa amemwambia baba yake kwamba kuna daktari anakuja na wazee wake, ana ombi. Hakusema zaidi. Na mimi, kwa akili zangu za mshika mrija, sikujiuliza mwanajeshi mstaafu mwenye binti wa kuolewa angeelewa nini.

Tukaketi. Kahawa chungu ikaja, ami yangu akapewa kikombe cha kwanza. Akakipokea, akakiweka chini mbele yake, hakukigusa. Wazee wetu wote wakaweka vyao chini vilevile.

Kwetu mgeni akiiacha kahawa chini ana haja, na mwenyeji anayejali jina lake haachi kahawa ya mgeni ipoe; na mgeni akishainywa, hakuna kurudi nyuma. Nilijua hilo tangu nikiwa mtoto. Ndiyo maana nilifurahi: ami alikuwa analipigania jino langu kwa silaha nzito kabisa.

Akaanza hotuba. Akausifu ukoo wa Abu Hazza, akawasifu mababu zao, akasifu mvua ya kijiji chao. "Na sisi," akamalizia kwa sauti ya kutetemesha, "tumekuja kwenu tukitaka kilicho chenu. Ni kidogo machoni pa watu, lakini kwetu sisi..."

Abu Hazza akainua mkono.

"Kunywa kahawa yako, Abu Rakan. Mlichokijia mmekipata."

Ami akanywa. Wazee wakanywa. Mimi nikanywa, nikahisi machozi ya furaha yananilenga. Nimelipata! Gego la Rihab ni langu!

"Tusome Fatiha," akasema Abu Hazza.

Nikainua viganja na kusoma pamoja na wote, nikijisemea moyoni: watu hawa wana dini kweli, hata jino wanalisomea Fatiha.

"Amin," tukasema.

Nyuma ya ukuta vigelegele vikapasuka.

Sahani za halua zikaingia zimeshapangwa. Kaka yake Rihab, Hazza mwenyewe, mwanamume wa mabega mapana, akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. "Karibu ukoo, shemeji!"

Shemeji.

Nikamgeukia ami. "Ami, waambie!"

"Niwaambie nini? Nimeshakunywa."

"Tulikuja kuomba jino!"

"Basi si limo mdomoni mwa binti?" akaninong'oneza huku anatabasamu kwa watu. "Umepewa jino na mwenye jino. Wewe unalalamika nini?"

Mtaniuliza kwa nini sikusimama. Nisimame niseme nini? Samahani, waheshimiwa, binti yenu simtaki, nataka gego lake la chini? Mbele ya ukoo mzima, naye nyuma ya ukuta anasikia? Wangenizika na shahada yangu. Na nitawaambia jambo jingine, kwa kuwa ninyi si ukoo wangu: nusu ya moyo wangu haikutaka kusimama. Tangu Jumatatu nilikuwa nawaza kicheko kile cha mkono mdomoni, nikijidanganya kwamba nawaza jino.

Ami, akiwa amelewa ushindi, akaona alifunge jambo lote kwa pamoja. "Na kijana wetu ana mtihani Amman Jumamosi, Abu Hazza. Anaomba bibi harusi amsindikize, amtibu jino lake huko."

"Rahisi," akasema Abu Hazza. "Ijumaa baada ya Alasiri sheikhe anafungisha ndoa hapa hapa. Karamu mtafanya kiangazi. Jumamosi ni mkewe wa halali, ampeleke hata mwezini."

Wazee wakacheka. Nami nikacheka, nikaona mambo yangu yamenyooka: leseni na mke kwa kikombe kimoja cha kahawa. Mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, lakini mimi nilikuwa sijaerevuka bado.

Wakati wa kutoka nilimwona Rihab kwenye mlango wa jiko, sinia mkononi, rangi imemtoka usoni.

"Hivi ndivyo mnavyoomba jino huko Rumania?" akasema kwa sauti ya chini.

"Wallahi, Rihab, mimi nilimwambia ami..."

Hazza akaja kunishika bega, na Rihab akageuka akaingia ndani.

Jumatano asubuhi nilikwenda kumpa Daktari Suheil habari njema. Aliinua uso kutoka kwenye gazeti lake.

"Unaoa lini?"

"Ijumaa."

"Na mtihani Jumamosi. Na mgonjwa ni yule yule."

"Ndiyo!"

"Ewe Kutaiba." Akakunja gazeti. "Hujui kwamba mke haruhusiwi? Mzazi, ndugu, mtoto, mke. Wanasema mtu wa nyumbani ukimuumiza atanyamaza kwa kukuonea haya. Wanakutoa mlangoni."

Nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa bila kualikwa. "Na mchumba?"

"Mchumba ni mtu baki. Mpaka sheikhe asome."

Mmeona mtego? Nisipomuoa Ijumaa, baba yake hamruhusu kwenda. Nikimuoa Ijumaa, watahini hawamruhusu kuingia. Jino lile lilikuwa karibu yangu kuliko ulimi, na kila nikinyoosha mkono linarudi nyuma.

Nikaona hakuna dawa ila ukweli. Safari hii nilikwenda Um Rujum peke yangu, bila ami, bila majoho. Abu Hazza alikuwa anapogoa mizeituni mbele ya nyumba. Dirisha la nyuma yake lilikuwa wazi, pazia limeshushwa.

"Mzee," nikamwambia, "naomba ndoa isogezwe Jumapili."

"Kwa nini?"

"Sheria ya mtihani. Mke hawezi kuwa mgonjwa wangu. Mama yake aje naye Amman, Hazza aje, ukoo mzima uje. Jumamosi nimtibu, Jumapili tufunge ndoa."

Akaliweka panga chini. "Yaani unataka jino kwanza, mke baadaye."

Likisemwa hivyo lilinuka vibaya. "Ni mpangilio tu, mzee."

"Na ukifeli?"

"Nitamuoa," nikasema papo hapo.

"Na ukifaulu? Ukishapata ulichokitafuta Rumania, na Amman, na kwangu?"

Nilichelewa kujibu.

Si kwamba sikuwa na jibu! Nilikuwa natafuta maneno mazuri, maneno ya kumtosha mtu kama yule. Muda wa kumeza mate tu. Lakini Abu Hazza amelinda mipaka usiku na mchana maisha yake yote, na mtu kama huyo anajua kusikiliza kimya.

"Ijumaa, Alasiri," akasema, akaliokota panga. "Au usije kabisa, nami nitajua la kuwaambia watu."

Nyuma yake pazia likatikisika. Hapakuwa na upepo.

Sikulala. Alhamisi asubuhi nilizunguka mji kama kuku aliyekosa pa kutagia. Nilimpigia ami, akaniambia niache kumtia aibu uzeeni. Nilimwambia mama, akaniuliza swali moja tu: "Unamtaka au humtaki?" Nikamjibu kwamba hilo silo jambo la haraka sasa. Mama akanitazama kama anamtazama mtoto wa jirani, akarudi kwenye mambo yake.

Nikakata shauri nikamwombe Daktari Suheil aende kwa Abu Hazza. Yeye ni mtu mzima, neno lake lina uzito. Nikapanda ngazi za kliniki mbio, nikasukuma mlango.

Kwenye kiti alikuwa amelala Rihab. Daktari Suheil alikuwa anamfutia mdomo. Juu ya trei niliona vyombo vilivyotumika, na harufu ya dawa ya kuzibia ilikuwa imejaa chumbani. Sihitaji leseni kuijua harufu hiyo.

"Daktari," nikasema. "Umefanya nini?"

"Kazi yangu." Hakunitazama. "Mgonjwa kaja, kasema linamuuma, kafungua mdomo. Siwaulizi wagonjwa nani atakasirika."

"Lilikuwa haliumi!"

"Lilianza kuuma jana," akasema Rihab, "nikiwa nyuma ya pazia."

Akaketi. Ganzi ilikuwa imemlegeza mdomo upande mmoja, maneno yanatoka yamepinda, na alikuwa anajifuta mate kwa kitambaa bila kuona haya. Mimi niliyesomea vinywa vya watu sikuweza kukitazama kinywa chake.

"Rihab, lile jino lilikuwa maisha yangu."

"Najua. Ndiyo maana nimelitoa kati yetu." Akatafuta viatu vyake kwa miguu. "Watu wa kijiji wamekula halua yangu, Kutaiba. Watoto darasani wananiita bibi harusi. Na mimi sijui kama nimeposwa mimi au nimeposwa kwa sababu ya shimo. Sasa shimo halipo. Kesho baada ya Alasiri sheikhe atakuwepo. Ukija, utakuwa umenijia mimi."

"Na nisipokuja?"

Mdomo wake ulijaribu kutabasamu ukakubali upande mmoja tu. "Basi nitakuwa nimezibwa jino na daktari mwenye leseni."

Akachukua mkoba wake akatoka. Nilisimama pale pale. Nilikuwa na hasira naye, na wakati huo huo sijawahi kumwona mtu ninayetaka kukaa karibu naye kama yule. Vyote viwili kwa pamoja. Sijui mtu anafanyaje na vyote viwili.

Daktari Suheil alifunga mlango, akanisogelea.

"Usinichukie," akasema. "Nilijua utabaki mikono mitupu, nikapiga simu kila mahali nilikojua. Nimekupatia mwingine."

"Mwingine nani?"

"Dereva wa lori, Akaba, jirani wa dada yangu. Gego la chini, ubavuni, jirani mzima. Dada kanitumia picha. Ni kama ndugu wa hili."

Nilimshika mikono yote miwili. Akajitoa taratibu.

"Ngoja umalize kusikia. Ni mwoga wa sindano, wala hatapanda gari na mtu aliyetumwa. Anamtaka daktari mwenyewe aje, amtazame usoni, amuahidi. Yuko safarini mpaka kesho mchana, na jioni anavuka mpaka na mzigo, ila ukimshawishi aje nawe Amman. Ukitaka kumuwahi, lazima uwe Akaba kesho, Alasiri."

"Alasiri," nikasema.

"Nimemwambia utampigia sasa hivi. Usipopiga, kesho anapakia na kuondoka bila kukusubiri."

Akaniwekea simu mkononi, namba ikiwa imeshaandikwa. Nikasogea dirishani. Chini mtaani Rihab alikuwa anamsubiri kaka yake mbele ya duka la mikate, kitambaa shavuni. Gari la Hazza lilikuwa linakata kona.

Nikabonyeza namba. Ikaita, kisha sauti nzito ikasema, "Naam? Ni wewe daktari? Unakuja au huji?"

Nikafungua dirisha kwa mkono wa pili. "Rihab!" nikaita, na mtaa mzima ukageuka.

Akainua uso. Dereva kwenye simu alikuwa anasema haloo, haloo, na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kuwajibu wote wawili.